Waliambiwa ni watu hamsini tu, tena waoga

Mwaka 1779 kule London kamati ya bunge ilikuwa inahangaika itawapeleka wapi wafungwa wake, jela zimefurika na Marekani ambako walizoea kuwatupa kulikuwa kumeshawaka vita vya uhuru. Wakamwita bwana mmoja anaitwa Joseph Banks, tajiri, mtaalamu wa mimea, aliyekuwa kwenye meli ya nahodha James Cook ilipofika Botany Bay, Australia, mwaka 1770. Wakamuuliza, wenyeji wa huko wakoje, watatupinga? Banks akajibu kwamba hadhani kama wanazidi 50 eneo lile lote, wanatembea uchi, wana mikuki, si watu wa kuaminika, ila ni waoga sana.

Sasa huyu Banks alikuwepo siku ile ya 1770. Alikuwa ndani ya boti zilizokuwa zinaenda ufukweni zimejaa watu wenye bunduki, na aliona kwa macho yake wanaume wawili, wawili tu, wa kabila la Gweagal wamesimama kwenye mawe na mikuki yao wanapiga kelele kuwafukuza. Cook akafyatua risasi katikati yao, hawakuondoka. Akafyatua tena, mmoja akapigwa miguuni na marisau, akakimbia kwenda kuchukua ngao akarudi. Akarudi! Cook mwenyewe aliandika kwamba inaonekana kitu pekee walichokitaka ni sisi tuondoke. Miaka tisa baadaye shahidi wa tukio hilo anaiambia serikali yake waoga, na serikali inaamini kwa sababu ndo ilichotaka kusikia.

Mimi shuleni nilisoma Maji Maji, nikasoma Wahehe, nikasoma Wanandi na reli yao, lakini Australia tuliikuta kwenye jiografia tu, kondoo wa sufu na mashamba ya ngano. Ukimaliza form four unaondoka na picha ya nchi ambayo haikuwa na mwenyewe. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hadithi yenyewe haijafichwa, Waingereza wenyewe waliiandika, maafisa wao waliandika kila kitu usiku kwa mshumaa, nani kachomwa mkuki, shamba gani limeungua, amri gani imetoka kwa gavana. Ukiwasoma hao hao waliokuwa wanapigana naye utakutana na mtu anaitwa Pemulwuy, na huyo ndo ninayetaka kumwandikia leo.

Januari 1788 meli 11 zikafika, watu zaidi ya 1,000, wengi wao wafungwa. Tarehe 26 wakashuka mahali wenyeji walipaita Warrane, leo panaitwa Circular Quay katikati ya jiji la Sydney. Gavana alikuwa Arthur Phillip na alikuwa na maagizo ya kuishi vizuri na wenyeji, na kwa haki niseme mwanzoni alijaribu. Lakini ukiingiza watu elfu moja wenye njaa kwenye ghuba ambayo watu wake wanakula samaki wa ghuba hiyo hiyo, maagizo ya upole yanasaidia nini? Walikuwa wanakokota nyavu kubwa, samaki wengi kwa mkupuo mmoja, wakati wanawake wa pale walikuwa wanavua kwa ndoana za kombe ndani ya mitumbwi ya magome ya mti, moto kidogo unawaka katikati ya mtumbwi. Wafungwa nao wakawa wanaiba mikuki na vyombo vya uvuvi vya wenyeji ili wawauzie mabaharia. Kufika Mei mwaka ule ule wafungwa wawili waliokwenda kukata nyasi za kuezekea wakakutwa wameuawa.

Aprili 1789 ikaja ndui. Maiti zilikutwa kwenye mapango na ufukweni pembezoni mwa ghuba, na Phillip alikadiria kwamba nusu ya watu wa eneo la Sydney walikufa. Nusu. Hebu fikiria mtaa wenu, wazee wanaojua mipaka na nyimbo na nani anamuoa nani, nusu yao hawapo ndani ya wiki chache. Watu tunaoongelea kuanzia hapa walipigana wakiwa wametoka kuzika nusu yao, na bado walipigana, na mtu akikwambia upinzani wao ulikuwa mdogo mkumbushe hilo kwanza.

Upinzani wenyewe haukuwa wa mikuki peke yake. Kulikuwa na mwanamke anaitwa Barangaroo, mtu wa Cammeraygal, mke wa Bennelong. Bennelong ndo yule aliyetekwa kwa amri ya gavana Novemba 1789 ili wapate mkalimani, akatoroka, baadaye akawa anaingia na kutoka kwenye nyumba ya gavana, akavaa nguo zao, akanywa mvinyo wao. Barangaroo alikataa. Alikataa nguo, na mume wake alipotaka kufuatana na gavana alivunja mkuki wake wa kuvulia kwa hasira. Halafu kuna siku moja mwaka 1791, mfungwa alikamatwa ameiba vyombo vya uvuvi vya mwanamke mmoja anaitwa Daringa, Phillip akaamuru achapwe mbele ya wenyeji ili waone haki ya Kiingereza inavyofanya kazi. Wenyeji hawakuipenda hata kidogo. Daringa, yule yule aliyeibiwa, akalia. Barangaroo akaokota fimbo akamwendea mchapaji kumtishia! Waingereza walidhani wanawaonyesha haki, yule mama akaona mtu amefungwa kamba anapigwa na mtu ambaye hana ugomvi naye. Nikiulizwa nani hapo alikuwa anaelewa haki vizuri zaidi, jibu langu ni Barangaroo.

Twende kwa Pemulwuy. Alikuwa Mbidjigal, wa maeneo ya Botany Bay kuelekea magharibi. Anaingia kwenye maandishi Desemba 1790. Gavana alikuwa na mwindaji wake anaitwa John McIntyre, mfungwa aliyepewa bunduki awawindie nyama. Wenyeji walimchukia huyu mtu vibaya mno, Bennelong mwenyewe alikuwa hataki hata kumsogelea, na Waingereza wengi walishuku kwamba kule porini alikuwa hawindi kangaruu tu. Siku hiyo McIntyre na wenzake walikuwa wamelala kwenye kibanda cha matawi wakisubiri kangaruu. Saa saba hivi wakasikia majani yanacheza. Wakaamka wakaona watu watano wananyemelea na mikuki. McIntyre akawaambia wenzake msiogope, nawajua hawa, akaweka bunduki chini akawafuata akiongea lugha yao, wakatembea pamoja kama hatua mia. Ghafla mmoja akaruka juu ya gogo lililoanguka akarusha mkuki ukamwingia McIntyre ubavuni kushoto. Mashahidi walisema mrushaji alikuwa amenyoa ndevu karibuni, maana yake alikuwa ameshafika mjini kwa Waingereza, na jicho lake la kushoto lilikuwa na kipaku. Mkuki ulikuwa na meno ya mawe yaliyogandishwa kwa utomvu, yaani ukiuvuta unaacha mawe ndani. McIntyre alikufa Januari.

Angalia namna lilivyofanyika. Watu watano wangeweza kuua kibanda kizima wakiwa wamelala, lakini alilengwa mmoja tu, yule yule. Hiyo kwa macho yangu ni hukumu iliyotekelezwa. Phillip hakuiona hivyo. Alimwita Kapteni Watkin Tench akampa amri, nenda Botany Bay lete wawili hai na vichwa vya wengine kumi, na wakapewa mashoka na mifuko ya kubebea vichwa. Yeyote kumi, si lazima awe mwenye kosa. Tench akabembeleza, idadi ikashuka mpaka sita.

Kulikuwa na luteni mmoja kijana, William Dawes, mtu wa nyota na vipimo, ambaye alikuwa anajifunza lugha ya pale kwa msichana anaitwa Patyegarang na kuandika sentensi zao kwenye madaftari ambayo yapo mpaka leo. Dawes aligoma kwenda. Afisa wa jeshi kugoma amri ya gavana, kwenye koloni la mwisho wa dunia! Wakamkalisha, mchungaji akaongea naye, akaenda, halafu baadaye akamwambia gavana kwamba anajuta kwenda. Hakuomba radhi na akaondoka koloni mwishoni mwa 1791. Alikuja kuwa gavana wa Sierra Leone huku kwetu Afrika.

Askari karibu 50 wakatoka na bendera ya hasira yao. Safari ya kwanza hawakumkamata hata mtu mmoja, walimkuta mwenyeji mmoja anaitwa Colebee anavua samaki akawaambia Pemulwuy ameshaenda mbali kusini. Safari ya pili, siku chache kabla ya Krismasi, wakaenda usiku wakakwama kwenye tope la mto, wengine mpaka kiunoni wakaanza kuzama, na kamba walizobeba za kuwafungia mateka ndizo zilizowatoa. Wakarudi mikono mitupu.

Kuanzia 1792 Pemulwuy anaonekana kila mahali kuzunguka Sydney: Prospect, Toongabbie, Georges River, Parramatta. Na hapa naomba usome taratibu kwa sababu watu wengi wanapita haraka wanasema "waliiba mahindi" wanaishia hapo. Januari 1794 walowezi 22 walipewa ardhi kwenye kingo za mto Hawkesbury, ambao wenyeji wake Wadharug wanauita Dyarubbin. Kingo zile zina udongo mzuri sana na ndipo vilipokuwa vinaota viazi vikuu ambavyo wanawake wa Kidharug walikuwa wanavichimba vizazi na vizazi. Mlowezi anakuja na jembe, anang'oa viazi, anapanda mahindi, anaweka mtu wa kulinda. Mama akija na mti wake wa kuchimbia anakuta shamba. Akichuma mahindi pale pale palipokuwa na chakula chake anaitwa mwizi na anapigwa risasi. Kwa hiyo wakawa wanakuja kwa wingi mahindi yakikomaa, na nyavu na mablanketi ya kubebea, wanabeba wanachoweza na maeneo mengine wanatia moto. Wanachoma mahindi yenyewe, mazizi, nyumba. Koloni ambalo lilikuwa limeshawahi kunusurika kufa njaa, ukilichomea nafaka umeligusa penyewe hasa. Huo ni mkakati, aliyeupanga aliwajua adui zake kuliko wao walivyomjua.

Na magobore yale yalikuwa yanachukua muda kushindilia, baruti, risasi, ufito, na wakati huo mwenye mkuki na kirushio chake anakuwa ameshatupa kadhaa. Mvua ikinyesha ndo kabisa.

David Collins, mwanasheria wa koloni, mwaka 1795 aliandika kwamba kule mtoni vita ya wazi imeanza kati ya wenyeji na walowezi. Vita ya wazi, ni maneno yake. Kaimu gavana William Paterson akatuma askari 60 na maagizo waue wengi kadiri watakavyowakuta, na wajenge miti ya kunyongea sehemu mbalimbali waning'inize maiti ili waliobaki waogope. Wakarudi na mateka: mwanaume mmoja, wanawake watano na watoto. Mmoja wa wale wanawake alikuwa na mtoto ananyonya, risasi ilimpita begani na risasi hiyo hiyo ikamjeruhi mtoto. Mtoto akafa. Collins aliandika hilo pia na akaendelea na habari nyingine, mimi nilishindwa kuendelea usiku ule.

Mwishoni mwa 1795 kuna kisa kinachonipa shida kila nikikifikiria. Kwenye meli zile za kwanza alikuwepo mfungwa mweusi, John Caesar, mtu wa asili ya Afrika, wapo wanaosema alizaliwa Madagascar na wapo wanaosema visiwa vya Karibi. Mtu mkubwa wa mwili, mwenye njaa siku zote, alitoroka mara nyingi na ndo anahesabiwa mtoro wa porini wa kwanza wa Australia. Huyu alikutana na Pemulwuy wakapigana na zikaenea habari kwamba amempasua fuvu, hata ikasemekana Pemulwuy amekufa. Hakufa. Caesar mwenyewe aliuawa kwa risasi Februari 1796 kwa sababu ya zawadi ya pombe. Watu wawili ambao himaya ile ile iliwavuruga maisha, mmoja imemtoa kwao imemleta na minyororo, mwingine imemfuata nyumbani kwake, wanaumizana wao kwa wao porini. Ningependa kisa hiki kingekuwa tofauti lakini ndo kilivyo.

Machi 1797 Pemulwuy na watu kama 100 walivamia shamba la serikali Toongabbie. Walowezi na askari wakawafuata usiku kucha mpaka wakaishia mji wa Parramatta wakiwa wamechoka. Muda kidogo wenyeji nao wakaingia mjini, mchana kweupe, Pemulwuy yuko mbele, ana hasira, anasema wa kwanza atakayenisogelea namchoma mkuki, na akarusha kweli kwa askari mmoja. Askari wakafyatua. Watu watano wakafa papo hapo. Pemulwuy akapigwa marisau saba kichwani na mwilini akaanguka. Wakamkokota hospitali wakamfunga pingu ya mguu, hakuna aliyetegemea ataona wiki ijayo. Akapona kidogo, akatoroka, na pingu yake mguuni! Baadaye mwaka ule gavana John Hunter alikuwa anatembelea pande za Botany Bay akakutana naye ana kwa ana, amepona kabisa. Pemulwuy akauliza kama gavana bado ana hasira naye, akaambiwa hapana, akaonekana kufurahi. Nampenda sana hapo. Watu wake wakaamini kwamba bunduki haimuui na yeye naye aliliamini hilo, na kwa mtu aliyetembea na risasi saba mwilini sioni kwa nini asiamini.

Gavana aliyefuata, Philip Gidley King, hakuwa na subira. Mei 1801 akatoa amri kwamba wenyeji wakionekana pande za Parramatta, Georges River na Prospect wafukuzwe kwa risasi. Wakionekana tu. Novemba akamtangaza Pemulwuy kuwa nje ya sheria, pamoja na wafungwa wawili waliotoroka wakajiunga naye, na zawadi zikatajwa: galoni 20 za pombe kali na nguo, na kwa mfungwa njia ya kupata uhuru wake. Juni 1802 Pemulwuy akapigwa risasi akafa. Karibu miaka 12 tangu ule mkuki wa McIntyre.

Wakamkata kichwa wakakiweka kwenye pombe kali ili kisioze na King akakipeleka Uingereza kwa meli. Kwa nani? Kwa Sir Joseph Banks, ambaye alikuwa anakusanya vitu vya namna hiyo. Na kwenye barua yake King aliandika kwamba Pemulwuy, ingawa alikuwa balaa kubwa kwa koloni, alikuwa mtu shujaa na mwenye kujitegemea. Yaani yule bwana aliyesema wale ni waoga ndo aliyepokea kichwa cha mtu huyo, na barua ya gavana inayomwambia huyu alikuwa shujaa. Sijui kama alikumbuka alichosema bungeni.

Mimi nimekulia Iringa. Tukiwa wanafunzi tulipelekwa Kalenga tukasimama mbele ya fuvu la Mkwawa, ambalo Wajerumani waliondoka nalo baada ya kujiua 1898, likaandikwa mpaka kwenye mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, na halikurudi mpaka 1954. Kwa hiyo habari ya kichwa cha mtu kusafirishwa kwenda kabatini Ulaya kwangu si habari ya mbali hata ingetokea wapi. Watu wa Pemulwuy wao hawajapata hata hicho cha kusimama mbele yake. Mwaka 2010 wazee wa Redfern, Sydney, walimwomba Prince William asaidie kirudi, na mpaka sasa kichwa hakijulikani kilipo.

Mwanawe Tedbury aliendelea na mapambano mpaka 1810. Aprili 1816 Gavana Macquarie alituma askari na kule Appin wakawavamia watu usiku kambini, wakawasukumia kwenye genge, wasiopungua 14 wakafa, na mafuvu ya baadhi yao yakaishia Chuo Kikuu cha Edinburgh mpaka 1991. Ng'ambo ya milima magharibi mwa Sydney, kabila la Wawiradjuri chini ya kiongozi wao Windradyne walipigana mpaka Bathurst ikawekwa chini ya sheria za kijeshi Agosti 1824. Desemba mwaka ule Windradyne aliamua kumaliza kwa namna yake, akatembea na watu wake kuvuka milima karibu kilomita 200 mpaka Parramatta kwenye karamu ya gavana, na kwenye kofia yake wameandika neno amani. Alikuwa anatafutwa na zawadi juu ya kichwa chake na aliingia mwenyewe mlangoni.

Leo Sydney kuna feri inaitwa Pemulwuy inabeba abiria kutoka pale pale Warrane, na kuna mtaa karibu na Prospect una jina lake. Ni vizuri, ila hapo Canberra kuna ukumbusho mkubwa wa taifa wa vita, una kuta za shaba zimeandikwa majina ya waliokufa vitani. Orodha inaanzia na kikosi cha New South Wales kilichopelekwa Sudan 1885 kuwasaidia Waingereza, watu kama 750, hakuna hata mmoja aliyeuawa kwenye mapigano, waliokufa walikufa kwa maradhi, na majina yao yapo pale. Wao wapumzike kwa amani, sina ugomvi nao. Lakini watu waliouawa kwa risasi za jeshi wakilinda Parramatta na Hawkesbury, miaka 80 na zaidi kabla ya Sudan, kwenye kuta hizo hawapo. Mwaka 2022 baraza la ukumbusho lilisema litapanua sehemu inayoeleza mapigano ya wenyeji na wakoloni ndani ya makumbusho yake, na mabishano yakaanza siku hiyo hiyo kama hiyo ilikuwa vita au haikuwa. Collins aliyekuwepo alishaandika mwaka 1795 kwamba ni vita. Jina la Pemulwuy liandikwe ukutani, juu ya Sudan, na ya wale watano wa Parramatta hata kama majina yao hakuna Mwingereza aliyejali kuyauliza.